Maji Yamegatuliwa, Shimo Je?

Mimi sina ugomvi na katiba. Mwaka 2010 nilipanga foleni nikaipigia kura ya ndiyo, na tarehe 27 Agosti nikamtazama Rais Mwai Kibaki kwenye runinga akikiinua kile kitabu pale Uhuru Park huku watu wakishangilia. Nilichoelewa mimi ni kwamba serikali itashuka kutoka Nairobi ije ikae karibu nasi. Na kweli ilishuka. Ila ile ya Nairobi nayo haikuondoka. Sasa ninazo mbili, na kila nikipatwa na shida nakuwa kama mtoto wa nyumba ya mitala: huyu mama ananiambia leo zamu ya yule, yule ananiambia zamu ni ya huyu, na magharibi inaingia sijatia kitu kinywani.

Kaunti ninayoishi sitaitaja. Iko Pwani, na afisa wake mmoja ameoa kwetu. Itoshe kusema ni moja kati ya zile 47 zilizoanza kazi baada ya uchaguzi wa 4 Machi 2013, na kwamba, kama zilivyo nyingine 46, inajua kwa ufasaha mkubwa mambo ambayo si kazi yake.

Maana mgawanyo wa kazi haukuachwa uelee hewani. Uko kwenye Jedwali la Nne la katiba, na nakala yake natembea nayo mfukoni mwa shati mpaka imeanza kukatika kwenye mikunjo. Sehemu ya kwanza ni ya serikali ya kitaifa: mambo ya nje, jeshi, polisi, sarafu, vyuo vikuu, shule za msingi na sekondari, barabara kuu, hospitali za rufaa za kitaifa, na sera za karibu kila kitu. Sehemu ya pili ni ya kaunti, vipengele 14: kilimo, zahanati na hospitali za kaunti, masoko, barabara za kaunti, maji safi na maji taka, taa za barabarani, chekechea, zimamoto. Kisha kuna yale ambayo nashuku yaliandikwa usiku, wataalamu wakiwa wameshachoka. Kaunti inatoa leseni za mbwa. Kaunti inasimamia makaburi. Kaunti inadhibiti kelele. Kipengele cha 13 kinaipa kaunti kazi ya kudhibiti ponografia, na hadi leo sijakutana na afisa wa kitengo hicho, wala sijui ukaguzi wake hufanyika saa ngapi.

Ukiisoma karatasi hii ukiwa umekaa, unaona kila kitu kimepata mwenyewe. Shida huanza ukisimama ukatoka nje.

Nje, mkabala na kibanda cha mama muuza mahamri, kuna shimo. Si shimo la kutisha sana. Gari likiingia hutoka. Pikipiki ikiingia hutoka pia, ila mara nyingine bila abiria. Nimelitazama shimo lile kwa makini kuliko nilivyowahi kutazama ramani ya Kenya, na nakuhakikishia kwamba serikali zote mbili zimo humo ndani. Barabara yenyewe ni ya kitaifa, zile zenye herufi na nambari. Mtaro wa maji ya mvua ulio kandokando ni wa kaunti, kipengele cha 11. Bomba linalovuja chini yake ni la kampuni ya maji, nayo ni ya kaunti, lakini bomba kubwa linaloyaleta maji mpaka huku ni la wakala wa kitaifa. Nguzo iliyoinama juu ya shimo ni ya kampuni ya umeme. Na mbu wanaotaga humo, sera yao iko wizarani Nairobi, dawa ya kuwapulizia iko kwenye bohari ya kaunti, na damu wanayoinywa ni yangu.

Nikaona nifanye kama raia mwema. Nikaanzia kwa kaunti. Pale mapokezi nilimkuta binti mwenye adabu zake.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa habari ya shimo.”

“Liko barabara gani, mzee wangu?”

Nikamtajia. Uso ukamwanguka utadhani nimemletea habari ya msiba. “Pole, mzee. Hiyo si yetu. Hiyo ni ya serikali kuu.”

Nikapanda matatu hadi kwa hao wa serikali kuu. Huko nikamkuta kijana, injinia, kizibao cha kung’aa kimetundikwa nyuma ya kiti. Huyu alinisikiliza vizuri, hata akatoa simu akatazama picha niliyompelekea.

“Barabara ni yetu, mzee, hilo sikatai,” akasema. “Lakini hili shimo halikuletwa na barabara. Limeletwa na maji. Na maji yamegatuliwa.”

“Na shimo?”

“Shimo ni matokeo ya maji.”

“Kwa hiyo shimo nalo limegatuliwa?”

“Hapana, mzee. Liko ndani ya hifadhi ya barabara.”

“Basi ni lenu.”

Akafikiri kidogo, kwa uaminifu kabisa. “Likikauka litakuwa letu. Kwa sasa lina maji.”

Nilirudi mtaani nikakuta vijana wa bodaboda wameshachoka kusubiri. Wamelijaza kifusi na mawe ya matumbawe, na kila gari linalopita linaombwa shilingi chache za soda. Hiyo ndiyo iliyokuwa serikali yetu ya tatu, na ilidumu asubuhi moja. Ilipofika adhuhuri kanjo wakashuka kwenye gari lao wakiuliza kibali cha kulipisha watu kiko wapi. Leseni ni kipengele cha 7. Yaani shimo si lao, lakini mwenye kulifukia ni wao. Wakawabeba vijana wawili wakawapeleka kituo cha polisi, maana kaunti haina jeshi la polisi, ina askari tu. Polisi ni wa kitaifa. Hapo ndipo nilipoona ule ushirikiano wa serikali mbili uliotajwa katika Kifungu cha 6, unaosema kwamba serikali hizi zinajitegemea ila pia zinategemeana, na zitaendesha mambo yao kwa mashauriano. Zilishauriana vizuri sana pale kaunta ya kituo.

Ndugu zetu wa Mombasa wakinisikia nikilalamika juu ya bomba moja hunicheka, na wana haki. Wao maji yao yote makubwa yanatoka kaunti nyingine. Kuna ya chemchemi za Mzima, zilizo ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, kule Taita-Taveta. Kuna ya Baricho, Kilifi. Kuna ya Marere na Tiwi, zote Kwale. Kwa hiyo kikombe cha chai Mombasa kinaweza kuanzia kwenye mbuga inayolindwa na serikali kuu, katika ardhi ya kaunti ya watu wengine, kikasafiri kwenye bomba la wakala wa kitaifa, kikauzwa na kampuni ya kaunti. Mitambo ya Baricho ikikatiwa umeme kwa sababu ya deni, jambo ambalo limetokea zaidi ya mara moja, Mombasa na Kilifi huishiwa maji bila mwananchi yeyote kudaiwa hata senti. Na anayefaidi ni yule kijana wa mkokoteni wenye mitungi ya lita 20. Yeye ndiye pekee katika msururu wote huo ambaye ukimwita anakuja.

Na kivuko cha Likoni? Jedwali limeandika wazi kwamba vivuko na bandari ndogondogo ni vya kaunti, isipokuwa usimamizi wa meli za kitaifa na kimataifa. Lakini feri za Likoni zimebaki mikononi mwa mashirika ya kitaifa tangu hapo. Zilikuwa chini ya shirika lake lenyewe, kisha zikapelekwa kwa mamlaka ya bandari. Hili sikatai kwamba lina hoja zake. Nasema tu kwamba katiba iliigawia kaunti feri, na kilichoifikia ni foleni ya kwenda kuipanda.

Tuingie shule. Karibu na kwetu kuna uwanja mmoja, lango moja, mlinzi mmoja, na mwembe mmoja. Upande wa kulia kuna madarasa mawili yaliyopakwa picha za tembo na herufi: hiyo ni chekechea, mali ya kaunti, kipengele cha 9. Upande wa kushoto ni shule ya msingi, mali ya serikali kuu. Mtoto akimaliza chekechea anavuka mita kama 30 za mchanga na kuhamia serikali nyingine, bila pasipoti. Mwalimu wake wa jana ameajiriwa na kaunti. Wa leo ameajiriwa na tume iliyoko Nairobi. Wakigoma hawa, wale wanafundisha. Bembea ni ya kaunti. Vyoo vilijengwa kwa pesa za mfuko wa mbunge, kwa hivyo ni vya kitaifa. Nilimuuliza mwalimu mmoja wa chekechea watoto wake hujisaidia wapi. Akanitazama, akanijibu polepole: “Tumekubaliana kwa mdomo, mzee. Usiandike.” Nimeandika.

Jirani yangu ana mbwa. Mbwa huyo kwa mujibu wa sheria ni wa kaunti: leseni yake, kelele zake, na siku akifa, maziko yake pia yametajwa katika kipengele cha 6. Lakini akimng’ata mtu mambo yanabadilika. Kuripoti ni polisi, kitaifa. Chanjo ni zahanati, kaunti. Bima ya kulipia ni ya kitaifa, ile iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Daktari amesomeshwa chuo kikuu cha kitaifa, akafanya mafunzo ya kazi kwa malipo ya kitaifa, akaajiriwa na kaunti. Kidonda kikizidi ukapelekwa Kenyatta au Moi kule Eldoret, umerudi tena kitaifa. Meno ya mbwa mmoja yanakutembeza katiba nzima, na mwenye mbwa yuko nyumbani anakunywa kahawa.

Na usidhani kwamba utapumzika ukifa. Ukifia nyumbani, kibali cha mazishi kinatoka kwa naibu wa chifu, na huyo ni mtu wa serikali kuu. Kaburi ni la kaunti. Sisi Waislamu maiti yetu haingoji. Tunataka tuzike kabla jua halijazama. Sasa fikiria naibu wa chifu amekwenda mkutanoni. Serikali moja haijakukubalia kifo, nyingine inakungoja shimoni, na wewe umelala katikati umevalishwa sanda nyeupe, huna hata mfuko wa kutilia nakala ya Jedwali la Nne.

Waliotunga katiba walifikiri kwamba wale wakuu wa mikoa na wilaya watapangwa upya ndani ya miaka mitano wapatane na ugatuzi. Walipangwa upya kweli: walibadilishiwa majina. Aliyekuwa mkuu wa wilaya sasa ni naibu kamishna wa kaunti, juu yake kuna kamishna wa kaunti, chini yake machifu kama kawaida, na wote wanaripoti Nairobi. Kwa hivyo kila kaunti ina gavana aliyechaguliwa na kamishna aliyetumwa. Ukitaka kuona hadithi hii kwa macho yako, nenda uwanjani siku ya Jamhuri. Hotuba ya Rais inasomwa na kamishna. Gavana, aliyepigiwa kura na maelfu, ameketi pembeni akipepea uso kwa ratiba ya sherehe, anapiga makofi kwa yale aliyokwisha kuyasoma kwenye simu yake.

Magavana nao si malaika. Miaka ya mwanzo walipenda bendera kwenye magari yao na kuitwa kwa vyeo vya kifalme, hadi 2014 ikapitishwa sheria ya kuwazuia wasipeperushe bendera ya taifa kwenye magari. Mjadala ule ulikuwa mkali. Nakumbuka kila mtu alikuwa na msimamo juu ya kijitambaa cha mbele ya gari, na hakuna aliyesema si yetu.

Hapo ndipo ninapofikia kiini cha kero yangu. Nimechunguza haya mambo kwa miaka, na nimegundua kuna vitu ambavyo serikali zote mbili hudai ni vyao bila kusita. Basari, kwa mfano. Elimu ya sekondari na vyuo vikuu ni ya serikali kuu, lakini kaunti hutoa basari kwa shangwe, na mwanzoni mwa 2025 Msimamizi wa Bajeti alipozitaka zisimamishe mpaka kuwe na makubaliano rasmi, magavana walipiga kelele hadi tukazisikia huku baharini. Au ile tozo ya matengenezo ya barabara tunayokatwa kwenye kila lita ya petroli: shilingi bilioni 10.5 ziliwagombanisha wabunge na magavana, kila upande ukisema barabara ni zake, mpaka wakavutana kortini. Niliposoma habari hiyo nilikwenda nikasimama kando ya shimo letu. Nililiambia: mwanangu, una jamaa wengi kuliko tulivyodhani.

Kwa kifupi, kinachokuja na utepe wa kukata, jina ubaoni na picha ya magazetini kina wazazi wawili. Kinachokuja na majitaka ni yatima.

Kuna jambo ambalo katiba yenyewe ililitoa kwa wote wawili, nalo ni umeme. Chukua Jedwali la Nne usome. Sehemu ya kwanza inaipa serikali kuu sera ya nishati, pamoja na usambazaji wa umeme na gesi na udhibiti wake. Sehemu ya pili, kwenye mipango ya kaunti, inaitaja tena mitandao ya umeme na gesi na udhibiti wa nishati. Wawili wameandikiwa swichi moja. Matokeo yake tuliyaona Nairobi Februari 2025. Kampuni ya umeme, ambayo serikali kuu ndiyo yenye hisa nyingi, iliikatia kaunti stima kwa deni. Kaunti nayo ikasema yenyewe ndiyo inayodai, kwa kuwa nguzo na nyaya zimepita kwenye ardhi yake bila kulipiwa. Kisha magari ya taka ya kaunti yakaenda hadi Stima Plaza, makao makuu ya kampuni, yakamwaga taka langoni.

Wakenya wengi walikasirika, na gavana baadaye akaomba radhi. Lakini mimi, kama mwanafunzi wa Jedwali la Nne, nilivutiwa na usahihi wa kisheria wa kitendo kile. Tazama waliogawana walivyogawana. Serikali kuu ilipewa jeshi, ndege za kivita na manowari. Kaunti ilipewa takataka. Siku ya vita kila mtu hutumia alichonacho. Na wakazi wa mitaa ile ambako taka hukaa hadi zikaota mimea walijifunza kitu cha maana: magari yapo, dizeli ipo, dereva yupo, na njia anaijua.

Utaniambia tatizo ni pesa, na hapo nitakubaliana nawe kwa sehemu. Katiba inataka kaunti zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, yakihesabiwa kwa hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Kila mwaka wanavutana. Mwaka 2019 Bunge lilitaka kaunti zipewe bilioni 310, Seneti ikasema 335, na Julai magavana wenyewe wakaandamana hadi Mahakama ya Juu kwa mabango. Nilifurahi kuwaona. Wanaume wazima wenye walinzi, jua la Nairobi linawachoma, wanataka mtu mwenye mamlaka awasikilize! Nikasema sasa wameonja. Wakaishia kwenye bilioni 316.5. Mwaka 2024 zilikuwa zimeandikiwa bilioni 400.1; vijana walipoandamana na Mswada wa Fedha ukaondolewa, zikakatwa hadi 387.4. Na hata zikishapitishwa, zinatoka hazina kwa kuchelewa, miezi inaingiliana, na muuguzi wa zahanati yetu anakopa mahamri.

Afya ndiyo iliyoumia zaidi, maana huko kazi iligatuliwa haraka kuliko mkoba. Madaktari waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016, kisha wauguzi wakagoma karibu miezi mitano mwaka 2017, na mwananchi mgonjwa akaambiwa na serikali kuu kwamba afya ni ya kaunti, na kaunti ikamwambia mikataba ya mishahara iliandikwa Nairobi. Kabla ya hapo, mwaka 2015, serikali kuu ilikuwa imekodi vifaa vya kisasa vya hospitali kwa mabilioni na kuvipeleka kwenye hospitali za kaunti. Wazo zuri. Isipokuwa kuna hospitali zilizopokea mashine bila kuwa na chumba cha kuiweka, nyingine hazikuwa na mtaalamu wa kuiwasha. Mashine ilikuwa ya kitaifa, chumba cha kaunti, na katikati yake makasha ambayo Seneti ilikuja kuunda kamati kuyachunguza.

Sasa usije ukanidhania kuwa mmoja wa wale wanaotaka turudi tulikotoka. Huko nako nilikuwako. Mji wetu ulikuwa na halmashauri, na karani mkuu wa halmashauri aliletwa na wizara kutoka Nairobi. Mtaro ukiziba unamwandikia diwani, diwani anamwandikia karani, karani anaandika wizarani, na kabla jibu halijafika mvua imekwisha na mtaro umekauka wenyewe. Wazee wetu wa Pwani walikuwa wameliona hili mapema. Ronald Ngala na wenzake wa KADU walipigania majimbo kwa nguvu zao zote, na katiba ya uhuru ya 1963 ikayaweka. Hayakumaliza miaka miwili. Pesa zikabaniwa juu, KADU ikajivunja Novemba 1964, na jamhuri ilipotangazwa mwezi uliofuata kila kitu kikarudi kwenye meza moja. Tulikaa karibu nusu karne tukiomba barabara kwa mtu ambaye hajui mwembe wetu uko wapi.

Na kuna mambo yamefanyika. Wajir na Mandera, miji iliyokuwa ikihesabu miaka ya uhuru kwa vumbi, iliona lami mitaani baada ya ugatuzi. Makueni wamejenga kiwanda cha kusindika maembe, wakati zamani embe la pale lilikuwa linaoza chini ya mti likimngoja waziri. Hata sisi tuna zahanati ambayo haikuwepo, na siku dawa zikiwepo tunatibiwa. Isitoshe, gavana ninamwona. Anapita hapa na msafara wake, analiona shimo, dereva wake analikwepa kwa ustadi. Waziri wa zamani sikuwahi kumwona hata akikwepa.

Kwa hivyo sisemi zifutwe serikali mbili. Nataka kila moja ijue yake kabla haijaja kuniomba kura. Maana kitu cha ajabu kinatokea kila baada ya miaka mitano. Agosti 2027 nitapewa karatasi sita za kura, na wanaozitaka wameshaanza kupita mtaani. Juzi alikuja anayetaka uwakilishi wadi, akaahidi kituo cha polisi. Akaja anayetaka ubunge, akaahidi soko, maji na taa za barabarani, vyote vya kaunti. Anayetaka ugavana ameahidi vijana kazi za Ughaibuni. Anayetaka useneta, ambaye kazi yake ni kulinda maslahi ya kaunti na kukagua pesa za gavana, ameahidi kununulia timu ya mtaa jezi. Na wote wanne, kila mmoja kwa siku yake, walisimama kando ya shimo, wakatikisa kichwa, wakasema: “Hili ni letu. Hili tutalimaliza.”

Kabla ya uchaguzi shimo lina baba wanne. Baada ya uchaguzi linarudi kuwa la maji.

Yule wa ubunge nilimtolea karatasi yangu, nikaifungua taratibu isikatike, nikamwonyesha kidole pale palipoandikwa masoko. Aliitazama, akacheka, akanipiga bega. “Mzee, wewe una mambo ya vikaratasi sana. Tuachie sisi.” Akanipa fulana. Nimeivaa, ina ukubwa wangu.

Msimamo wangu wa 2027 umeshakamilika, na nautangaza hapa ili usiseme sikukuambia. Mgombea wa kwanza atakayekuja mtaani kwetu, nikamwonyesha shimo, akanijibu kabla ya kura, mchana kweupe mbele ya mashahidi, “Mzee, hiyo si kazi ya kiti ninachoomba, kazi yangu ni hii na hii,” huyo nitampigia kura hata akiwa simfahamu. Tena nitampigia kampeni bure. Kwa ile kura ya fulana, nitamuomba msamaha mwenye fulana.